Kutoka Hati ya Mshahara Hadi Dirisha la Hospitali: Mwongozo Kamili wa SHIF kwa Mwajiri wa Kenya

Desemba 2024, bawabu wa kampuni moja ninayoitunzia hesabu za mishahara alinipigia simu saa nne usiku akiwa hospitalini. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu. Karani wa mapokezi alikuwa ameingiza namba ya kitambulisho chake na kumwambia kwamba hajalipia bima hata mwezi mmoja. Mkononi alikuwa na hati mbili za mshahara, ya Oktoba na ya Novemba, na kila moja imeandikwa waziwazi makato ya bima ya afya ya jamii: SHIF, shilingi 495. Usiku ule alikopa kwa shemeji yake.

Asubuhi nilifungua faili. Tulikuwa tumepakia majina 39 kwenye mfumo. Majina 38 yalikubaliwa, moja likakataliwa kwa sababu tarakimu mbili za kitambulisho zilikuwa zimepishana. Mfumo ukatoa hesabu ya watu 38, tukalipa, tukapata risiti, tukashika kazi nyingine. Shilingi 990 za bawabu yule zilikuwa zimelala kwenye akaunti ya kampuni miezi miwili. Hakuna aliyeziiba. Ni kwamba hakuna aliyeisoma orodha ya waliokataliwa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwenye duka la wafanyakazi watano, mhasibu wa shule, meneja wa shamba la maua na hata mama aliyeajiri yaya nyumbani. Sheria ya bima ya afya imebadilika sana Kenya tangu 2023. Mwajiri anayedhani kazi yake inaisha pale anapokata pesa hajaifanya hata nusu yake.

Kwanza, jua sheria inayokubana

Oktoba 19, 2023 Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya kwa mpigo. Inayomhusu mwajiri moja kwa moja ni Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Iliondoa NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya afya, na kuunda Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Chini ya SHA kuna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya, unaogharimiwa na serikali. Wa pili ni SHIF, ambao ndio unaopokea makato ya wafanyakazi. Wa tatu ni wa matibabu ya dharura, na pia wa magonjwa sugu na hatari pale kiwango cha SHIF kinapoisha. Mfanyakazi akikuuliza "pesa yangu inaenda wapi?", jibu ni huo wa pili. Kanuni za utekelezaji zilitolewa 2024, na makato mapya yakaanza na mshahara wa Oktoba 2024.

Katikati ya safari hiyo palikuwa na mtihani ambao kila mwajiri anapaswa kuukumbuka. Julai 12, 2024 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba sheria tatu kati ya hizo zinakwenda kinyume na Katiba. Habari ilienea kwa kasi, na simu yangu haikupumzika: "Tuache kukata?" Lakini mahakama hiyohiyo ilikuwa imeahirisha utekelezaji wa uamuzi wake kwa siku 120, na Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha. SHA ikaanza kazi Oktoba 1. Aliyefuata kichwa cha habari badala ya kusoma amri zenyewe angejikuta na malimbikizo.

Hatua ya 1: Orodhesha kila mtu unayemlipa

Usianze na kompyuta. Chukua karatasi uandike kila mtu aliyepokea mshahara au ujira kutoka kwako mwezi uliopita: wa kudumu, wa mkataba, aliye kwenye majaribio, dereva na mpishi. Mwanzoni wengi huwaacha vibarua. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo hadi kufikisha mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua. Anakuwa na haki za mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Kama "kibarua" wako amekuwa akifagia ua tangu Pasaka, mweke kwenye orodha.

Mfanyakazi wa nyumbani naye yumo. Mwenye nyumba ni mwajiri sawa na kampuni.

Raia wa kigeni anayeishi nchini zaidi ya miezi 12 anachangia kama Mkenya. Anayekuja kwa muda mfupi kuliko huo anatakiwa awe na bima ya afya ya safari, na ni busara kuweka nakala yake kwenye faili kabla hajaanza kazi.

Hatua ya 2: Hakikisha kila mmoja amesajiliwa, pamoja na familia yake

Hapa ndipo palipo na kazi kubwa, na hapa ndipo waajiri wengi hukimbilia mbele. NHIF ilipoondoka, kila mtu alitakiwa kujisajili upya SHA. Usajili hufanyika kwa kupiga *147# kwenye simu, kwenye tovuti ya Afya Yangu, au katika vituo vya Huduma Centre na hospitalini. Mfanyakazi asiyesajiliwa, pesa yake haina mahali pa kutua.

Nakushauri utenge nusu siku ya kazi. Waite wafanyakazi kwa makundi ya watu kumi, kila mtu na simu yake na kitambulisho chake, na mtu mmoja anayejua mfumo asimame nao. Tulipofanya hivyo kwenye kampuni ya yule bawabu, tuligundua mambo ambayo hakuna fomu ingetuonyesha. Kuna aliyekuwa amesajiliwa na mpwa wake kwa namba ya simu ya huyo mpwa, kwa hiyo ujumbe wa uthibitisho ulikuwa unaenda Eldoret. Kuna mama aliyejisajili vizuri lakini hakuwaingiza watoto. Kuna aliyeandikishwa kwa jina la ubatizo ilhali orodha yetu ya mishahara ilikuwa na jina la babake tu.

Kwa kila mtu, kagua namba ya kitambulisho ukiwa na kadi yenyewe mkononi. Usichukue namba kutoka orodha ya zamani, maana kosa la zamani hurithiwa. Kagua namba ya simu, iwe laini anayoishika yeye mwenyewe. Kisha kagua wategemezi: mwenzi wake wa ndoa, watoto walio chini ya miaka 21, watoto walio chini ya miaka 25 wanaosoma muda wote, na mtegemezi mwenye ulemavu anayemtegemea kabisa. Mtoto mchanga husahauliwa mara nyingi kuliko mtu yeyote. Mfanyakazi wa kike anapokwenda likizo ya uzazi, au wa kiume anapoomba yake, mpe kikumbusho kwa maandishi kwamba mtoto anatakiwa kusajiliwa.

Wale watu wazima wasiozoea simu, wasaidie kwa subira na kwa faragha. Mzee wa makamo hataki kuulizwa mbele ya vijana ana wake wangapi.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa mshahara wote

Kiwango ni asilimia 2.75 ya mshahara wa jumla kwa mwezi, usipungue shilingi 300, na hakina ukomo wa juu. Mwajiri haongezi chochote kutoka mfukoni mwake. (Msomaji wa Tanzania aliyezoea NHIF ya huko, ambapo mtumishi wa umma na mwajiri wake hugawana asilimia 6 nusu kwa nusu, asishangae: Kenya mzigo wote wa SHIF ni wa mfanyakazi.) Kwa ada ya nyumba, yale makato ya serikali ya kujenga nyumba za bei nafuu, ni tofauti: pale mwajiri hutoa asilimia 1.5 na mfanyakazi 1.5.

Kosa linalojirudia ni kukata kwenye mshahara wa msingi pekee. Mtu mwenye msingi wa 40,000, marupurupu ya nyumba 15,000 na ya usafiri 5,000 anahesabiwa kwa 60,000. Makato yake ni 1,650, si 1,100.

Kiwango cha chini cha 300 kinamgusa kila anayelipwa chini ya takriban 10,909. Yaya wa 9,000 anakatwa 300. Wa 15,000 anakatwa 412.50.

Wafanyakazi watakuuliza kwa nini zamani walikatwa kidogo. Waonyeshe namba. Chini ya NHIF aliyepata 20,000 alikatwa 750. Sasa ni 550, kwa hiyo amepata nafuu. Wa 30,000 alikatwa 900, sasa 825. Wa 50,000 alikatwa 1,200, sasa 1,375. Wa 300,000 ndiye aliyeguswa hasa: kutoka 1,700, ambacho kilikuwa kiwango cha juu kabisa, hadi 8,250. Mazungumzo haya yafanye mapema na wenye mishahara mikubwa, ana kwa ana, kabla hawajaiona hati.

Kisha kuna kodi. Zamani mchango wa NHIF ulimpa mfanyakazi nafuu ya kodi ya asilimia 15. Sheria iliyofanyiwa marekebisho na kuanza Desemba 27, 2024 ilibadilisha utaratibu: sasa SHIF na ada ya nyumba huondolewa kwenye mshahara kabla kodi haijahesabiwa. Kama programu yako ya mishahara haijasasishwa tangu wakati huo, unawatoza watu wako kodi ya ziada kila mwezi. Jaribu kwa mfano huu wa mshahara wa 60,000, kwa viwango vya kodi vya 2025:

NSSF (akiba ya uzeeni): 3,600
SHIF: 1,650
Ada ya nyumba: 900
Kinachotozwa kodi: 53,850
PAYE (kodi ya mshahara) baada ya nafuu binafsi ya 2,400: 8,538.35
Kinachobaki mkononi: 45,311.65

Ikiwa programu yako inakupa PAYE kubwa kuliko hiyo kwa mshahara huo wa 2025, mpigie aliyekuuzia leo. Nafuu ya asilimia 15 bado ipo kwa anayejilipia bima ya afya ya kampuni binafsi, kwa ukomo wa 5,000 kwa mwezi, ila mfanyakazi akuletee cheti cha bima.

Angalia pia theluthi. Sheria ya Ajira hairuhusu makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kwa mtu huyu wa 60,000, makato yote yasizidi 40,000. Ya kisheria pekee ni 14,688.35, kwa hiyo mikopo ya sacco na benki isipite 25,311.65. SHIF ilipopanda kwa wenye mishahara ya kati, wapo waliokuwa wamekopa hadi ukingoni na wakavuka mstari bila kukopa shilingi mpya. Hao watafute mapema, uwaandikie barua wakapange upya marejesho. Usisubiri theluthi ivunjwe ndipo uanze kupunguza SHIF; makato ya kisheria hayaguswi.

Hatua ya 4: Pakia, lipa kabla ya tarehe 9

Mchango wa mwezi unatakiwa ufike SHA si zaidi ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata, siku zilezile za PAYE, NSSF na ada ya nyumba. Unafungua akaunti ya mwajiri kwenye mfumo wa SHA, unajaza faili la majina, vitambulisho, PIN za KRA (mamlaka ya kodi), simu na kiasi, kisha mfumo unakupa namba ya kulipia.

Faili hilo la Excel lina ujanja wake. Excel hupenda kufuta sifuri ya mwanzo, na 0722 ikawa 722. Kabla ya kubandika chochote, geuza safu za vitambulisho na simu ziwe za maandishi. Hiyo ni kazi ya dakika moja.

Tarehe 9 ya kwanza kabisa ya mfumo huu, Novemba 2024, iliangukia Jumamosi. Benki zilikuwa zikifanya kazi nusu siku na waliongoja hadi dakika ya mwisho walihaha. Mimi nimejiwekea tarehe 5. Siku nne zinazobaki ni za kurekebisha makosa, maana makosa hayakosekani.

Ukichelewa, sheria inatoza asilimia 2 ya kiasi kinachodaiwa kwa kila kipindi kinachopita bila kulipwa. Kwa mchango wa 40,000 ni shilingi 800, na mwajiri mmoja aliwahi kuniambia kwamba 800 anaweza kuzibeba. Nilimwambia kwamba yeye anaweza kuzibeba, ila mfanyakazi wake aliyelazwa tarehe 12 hawezi. Adhabu hiyo ni ya mwajiri; usiirudishe kwenye mshahara wa mtu.

Hatua ya 5: Soma orodha ya waliokataliwa

Hii ndiyo hatua ambayo ingemwokoa bawabu wetu, nami naifanya kwa mkono wangu kila mwezi, haijalishi nina haraka kiasi gani.

Chukua jumla tatu: jumla ya SHIF kwenye orodha ya mishahara, jumla iliyotolewa na mfumo wa SHA, na jumla iliyotoka benki. Zilingane hadi senti. Kisha linganisha idadi ya watu: tulikata wangapi, mfumo umekubali wangapi. Tofauti ya 495 kwenye jumla ya elfu arobaini na kitu haionekani kwa macho. Tofauti ya mtu mmoja inaonekana. Ndiyo maana nahesabu vichwa kabla ya pesa.

Jina lililokataliwa, mpigie mwenyewe siku hiyohiyo. Rekebisha, pakia tena mstari wake peke yake, lipa. Usimweke "mwezi ujao". Baada ya siku chache waombe wafanyakazi watatu au wanne, tofauti kila mwezi, wafungue *147# mbele yako waangalie hali yao. Tumeshakamata kosa mara mbili kwa njia hiyo, na mara zote mbili lilikuwa namba ya kitambulisho.

Hatua ya 6: Rekebisha mikataba na bima ya ziada

Fungua barua zako za ajira. Nyingi zilizoandikwa kabla ya 2024 bado zinasema "NHIF". Andika waraka mmoja wa nyongeza unaosema kwamba makato ni yale yatakayowekwa na sheria ya bima ya afya ya jamii kadiri itakavyokuwa, bila kutaja kiwango, ili usirudi kuandika tena sheria ikibadilika.

Kama unawalipia watu wako bima ya kampuni binafsi, hiyo haikuondolei SHIF. SHIF ni ya lazima kwa wote. Lakini mkataba wa bima usome kwa kalamu mkononi. Mikataba mingi iliandikwa ikidhani NHIF italipa sehemu ya kitanda na bima binafsi ilipe kinachobaki. Muulize wakala wako kwa maandishi: SHA ikichelewa au ikikataa, nani anabeba sehemu ile? Jibu la mdomo halitamsaidia mtu aliye wodini.

Na SHIF haifuti haki nyingine. Mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo bado ana haki ya likizo ya ugonjwa ya angalau siku saba kwa mshahara kamili na nyingine saba kwa nusu mshahara, ndani ya miezi 12. Nimewahi kusikia mwajiri akisema, "Si una SHA? Nenda hospitali, kazi utarudi ukipona," kana kwamba bima ya matibabu ndiyo mshahara wa siku za ugonjwa.

Hatua ya 7: Faili moja, kila mwezi

Orodha ya mishahara, faili lililopakiwa, orodha ya waliokubaliwa na waliokataliwa, risiti. Vitu vinne kwenye bahasha moja yenye jina la mwezi. Kumbukumbu za mfanyakazi zitunze miaka mitano baada ya kuondoka kwake. Anapoondoka, mwambie ni mwezi gani wa mwisho umemlipia, ili aendelee kujilipia mwenyewe bila pengo.

Hatua ya 8: Fuata mabadiliko kabla hayajakufuata

Viwango vya malipo kwa hospitali vimeshatolewa upya tangu SHA ianze, na sheria za kodi hupitiwa kila mwaka. Weka tarehe mbili kwenye kalenda ya ofisi. Aprili 30 ndiyo siku ya mwisho ya Mswada wa Fedha kufikishwa bungeni. Mhasibu ausome wakati bado ni mswada, maana maoni ya umma hupokelewa kipindi hicho na mwajiri mdogo ana haki ya kutoa yake. Julai 1 ndipo vipengele vingi huanza kutumika. Kanuni mpya hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na tovuti ya Kenya Law huziweka bure. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "SHIF imeshuka" au "imefutwa" usibadilishe hata tarakimu moja mpaka uone namba ya tangazo rasmi au amri ya mahakama.

Simu ikilia saa nne usiku

Panga hili sasa, mchana, ukiwa umetulia. Mtu mmoja ofisini awe ndiye wa kupigiwa, na namba yake ibandikwe jikoni na kwenye kibanda cha bawabu. Kwenye simu yake awe na vitu viwili: risiti ya malipo ya mwezi uliopita na ukurasa wa orodha ya waliokubaliwa, ili amtumie mfanyakazi picha aionyeshe dirishani papo hapo, majina ya wenzake yakiwa yamefichwa.

Na kampuni iwe na kiasi kidogo cha dharura kinachoweza kutumwa kwa M-Pesa usiku, bila kusubiri saini tatu, pale kosa linapokuwa la ofisi. Sisi tuliweka 20,000. Bawabu yule tulimrudishia alichokopa kesho yake, na mchango wake wa miezi miwili tukaulipa pamoja na adhabu yake. Mtoto alikuwa wa kike. Jina lake liko kwenye orodha ya wategemezi. Nililiangalia mwenyewe Januari.